Kitambaa Cheusi na Deni la Asilimia Kumi na Tano

Dukani, 4 Februari

Sindano wangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata hujapasua bahasha. Huku tuko salama. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikikanyaga cherehani, lakini hilo goti lilianza kulalamika wewe ukiwa darasa la tano, tumeshalizoea. Binamu yako amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Anarudi nyumbani ananukia mikate mwili mzima na mkononi hana hata mmoja.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Duka ni chumba kimoja, mlango uko barabarani, na simu yangu haisikiki mpaka sauti ipande juu kabisa. Mara ya mwisho uliponitajia deni lako la chuo, wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasikiliza. Mmoja akaniuliza unalipwa kiasi gani huko kwenye maji. Nikamwambia suruali yake haiko tayari, arudi Ijumaa.

Kazi ipo. Mama wa magazeti, yule mwenye meza yake ubavuni mwa duka langu, ananitilia uzi kila asubuhi kabla hajafungua. Sindano ishirini kwa mkupuo, nazichomeka kwenye kimto changu na siku nzima sina haja ya kuhangaika. Ni kuokoa muda tu. Vitambaa vyeusi nimeacha kushona, havina faida. Nimewaachia vijana wa mtaa wa pili.

Sasa nijibu hili bila kunizungusha. Nilisaini kuwa mdhamini wako. Zilikuwa karatasi kumi na nne na nilisaini kila nilipoonyeshwa kwa kidole. Nataka kujua nilisaini nini. Unalipa kila mwezi, na kila nikikuuliza limebaki kiasi gani unataja karibu kilekile. Hiyo riba inakulaje?

Mjomba wako

*

Maabara ya maji, 20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisoma wakati wa chai nikacheka peke yangu, mwenzangu wa meza akadhani nimeingiwa na kichaa. Mimi mzima. Kazi ni ileile: asubuhi tunazunguka na chupa kwenye mabomba ya mji mzima, mchana tunapima, jioni tunaandika kwamba maji ni salama. Bado naishi na yule mwenzangu anayekoroma. Chumba hakina dirisha, kwa hiyo mkoromo hauna pa kutokea.

Haya, riba. Nimekaa na karatasi zangu Jumamosi nzima na kwa mara ya kwanza nimezielewa mwenyewe, kwa hiyo usione aibu.

Deni langu si moja, ni mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni milioni moja na laki mbili, riba yake asilimia kumi na tano kwa mwaka. La pili ni laki nane, riba yake asilimia sita. Hilo dogo ni pole. Hilo kubwa ndilo linalonimaliza. Kwa mwezi mmoja kubwa linazaa elfu kumi na tano, dogo elfu nne. Jumla elfu kumi na tisa, kabla sijapunguza chochote.

Mimi nalipa elfu hamsini kila mwezi. Elfu kumi na tisa inamezwa na riba. Elfu thelathini na moja tu ndiyo inayogusa deni lenyewe, wanaliita deni la msingi. Ndiyo maana kila ukiniuliza nakutajia karibu kilekile. Sikuwa nakudanganya.

Uzuri ni huu: msingi ukipungua, riba ya mwezi unaofuata nayo inapungua, maana inahesabiwa kwa kilichobaki. Kwa hiyo mtu akiweza kuongeza kidogo juu ya awamu yake, anamaliza mapema na riba inakosa cha kula. Tatizo ni hicho kidogo chenyewe. Kwa sasa sina.

Vitambaa vyeusi vimeanza lini kukosa faida?

Mpwa wako,
Sindano

*

Dukani, 11 Machi

Sindano wangu,

Nimeelewa. Ulieleza vizuri kuliko yule kijana aliyenionyesha pa kusaini.

Ni sawa na kadi zangu. Mteja anaanza na kishika uchumba, halafu analeta kidogo kidogo mpaka nguo inatoka. Siku akija na pesa nyingi kuliko tulivyopatana, nakata kwenye jumla palepale, naandika nyuma ya kadi, tunaagana. Hakuna haja ya kuulizana. Pesa ya ziada inajua inakokwenda.

Usijibane mpaka ukakonda zaidi ya hapo. Nilikuita Sindano kwa mapenzi, sikukuagiza uwe sindano kweli. Mambo yatakuwa mepesi. Usiniulize nimejuaje.

Binamu yako ameleta mkate mmoja, umeungua upande.

Mjomba wako

*

Maabara ya maji, 2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Najua, najua. Miezi karibu mitatu na sijaandika hata mstari. Bomba kubwa la mashariki lilipasuka mwezi wa nne, tukawa tunapima maji usiku na mchana. Halafu nikahama. Nina chumba changu mwenyewe sasa, ghorofa ya pili, kina dirisha linalotazama ua wa fundi baiskeli. Asubuhi naamshwa na nyundo yake badala ya mkoromo. Nimenunua godoro jipya. Nililala siku ya kwanza nikachelewa kazini.

Deni linakwenda vizuri. Ofisi hainisumbui siku hizi. Tusilizungumze leo.

Nikueleze lililonishangaza. Mwandiko wako kwenye bahasha ya mwisho ulipanda mlima, anwani yangu ikaishia juu ya stempu. Tarishi alinicheka. Ulikuwa unaandika umesimama?

Mpwa wako,
Sindano

*

Dukani, 25 Julai

Sindano wangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Mimi nasema, mama wa magazeti anaandika. Nimejikata kidole kwa mkasi, si kitu kikubwa, kitapona. Yeye ana mwandiko mzuri na hana wateja saa hizi.

Tuko salama. Goti limetulia. Binamu yako amepandishwa cheo, sasa anasimamia mikate ya mviringo. Duka linakwenda, ingawa nimepunguza saa za kazi. Jioni nafunga mapema kwa sababu taa za duka zimekuwa hafifu, shirika la umeme halina adabu.

Nafurahi una dirisha. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kulala bila dirisha. Nikiona mambo yako yananyooka namwambia kimoyomoyo kwamba nimefanya kazi yake.

Nina furaha nyingine ambayo sikuambii. Utaiona mwenyewe kwenye karatasi zako za deni siku moja, utakaa chini. Basi. Msalimie fundi baiskeli.

Mjomba wako

Mwanangu, kuanzia hapa ni mimi mwandishi. Amekaa mbele yangu, anadhani bado naandika salamu. Hajajikata kidole. Haoni. Taa za duka ziko vilevile, ni macho yake. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji unamrudishia kuona, laki moja na nusu kila jicho. Miadi ameahirisha mara mbili. Pesa alikuwa nayo, kwenye kopo la vifungo, laki mbili na nusu. Mwezi wa tatu alikwenda dirishani kwa watu wa mkopo wako akalipa laki moja na nusu. Juzi amekwenda tena, laki moja iliyobaki. Mimi ndiye niliyemshika mkono kuvuka barabara. Aliniapisha nisikuambie, nami nikaapa kwamba mdomo wangu hautasema. Kalamu hatukuizungumza. Sasa ananiuliza mbona salamu ndefu.

*

Nyumbani, 9 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Leo sina utani. Najua mama wa magazeti ndiye anayekusomea barua hii, nami namwomba aisome yote, hata nitakapokutolea uvivu.

Umeacha kushona kitambaa cheusi. Uliniandikia havina faida, nami nikacheka nikapita. Mjomba, hela yote ya duka lile ilikuwa nyeusi. Suti za harusi, majoho ya wahitimu, suruali za wahudumu wa hoteli. Nimelelewa na kitambaa cheusi. Ilikuwa nijue siku ileile kwamba huoni uzi mweusi juu ya nguo nyeusi, na sikujua. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nimekwenda ofisi ya mkopo. Nimekaa kwenye foleni tangu saa mbili mpaka saa saba, nikamkuta mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mpole, akanifungulia akaunti yangu. Pesa zako nimeziona. "Mlipaji: mdhamini." Kweli nilikaa chini, kama ulivyosema.

Sasa sikiliza. Ofisi ile haifanyi kama kadi zako. Kwenye ukurasa wa tisa wa zile karatasi kumi na nne kuna kifungu cha herufi ndogo: malipo ya ziada yatahesabiwa kuwa ni awamu za miezi ijayo, isipokuwa mlipaji ameelekeza vingine kwa maandishi. Laki yako na nusu ya Machi haikugusa msingi. Waliiweka pembeni, wakawa wanaichota elfu hamsini Aprili, elfu hamsini Mei, elfu hamsini Juni. Badala ya kulipa juu ya awamu yangu, ulilipa kwa niaba yangu.

Na mimi? Hapa ndipo ninapotakiwa kukiri. Aprili nilipata ujumbe kwamba cha kulipa mwezi huu ni sifuri. Mei sifuri. Juni sifuri. Nilidhani ofisi imetoa nafuu kwa wote. Sikuuliza, niliogopa wakikumbuka watanidai. Nikanyamaza nikahama chumba. Dirisha unalolifurahia ni pesa za macho yako, Mjomba. Nilikuandikia deni linakwenda vizuri, na nilikuwa silipi hata senti. Nimeona haya mpaka nashindwa kumtazama fundi baiskeli, na yeye hata hajui lolote.

Julai ujumbe ulirudi kuwa elfu hamsini, nikalipa. Halafu wewe ukapeleka laki nyingine. Hiyo bado iko pembeni, haijaguswa. Mwisho wa mwezi huu wataichota kwa awamu ya Agosti. Yule mama ameniambia pesa ambayo haijachotwa inaweza kurudishwa kwa aliyelipa, kama mwenyewe akisaini. Fomu iko humu ndani. Nimeweka alama ya kalamu nyekundu pa kusaini, na safari hii nimekueleza unasaini nini.

Katika zile nilizoacha kulipa, laki moja imekwisha kwenye kodi na godoro. Elfu hamsini ninayo. Laki yako na hamsini yangu ni jicho moja. Awamu ya Agosti nitailipa mwenyewe.

Saini, Mjomba.

Sindano

*

Dukani, 17 Agosti

Sindano,

Naandika mwenyewe kwa kalamu nene ya kuchorea vitambaa. Mama wa magazeti simsemeshi tangu jana.

Pesa niliyokwisha kutoa sirudishiwi. Mwambie huyo wa miwani ya kamba aipeleke kwenye msingi. Hiyo karatasi ya kuelekeza niletee, nitasaini hiyo. Deni lina asilimia kumi na tano, umenifundisha mwenyewe. Macho hayana riba. Yanaweza kungoja.

Dirisha ni lako. Usinirudishie.

Mjomba

*

Nyumbani, 21 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nimempa dereva wa basi aikabidhi kwa mama wa magazeti mkononi, maana siku zimebaki chache. Ongea naye. Hajavunja kiapo, nimekisoma neno kwa neno.

Unasema macho hayana riba. Kalamu ninayo, tuhesabu.

Laki moja ikienda kwenye lile deni kubwa, itaniokolea elfu kumi na tano kwa mwaka mzima. Sikatai, ni pesa. Sasa niambie, ufundi wa suti moja nyeusi ulikuwa unatoza kiasi gani, ukishatoa uzi na bitana? Nakumbuka vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa naandika kadi. Elfu ishirini. Suti moja, Mjomba. Suti moja inashinda mwaka mzima wa riba. Na ulikuwa unashona ngapi kwa mwezi kabla hujaniambia havina faida? Kila mwezi unaokaa bila kuona unapoteza nyingi kuliko riba yangu yote, ya deni kubwa na dogo pamoja. Macho yako ndiyo yenye riba kali kuliko deni lolote tulilo nalo. Tunalipa kwanza lile linalotula zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza ile Jumamosi, na sitakubali ukanigeuzia somo langu mwenyewe.

Na mimi sijalala. Nimejaza fomu ya kuelekeza. Kuanzia Septemba nalipa elfu sitini, na hiyo elfu kumi ya juu inakwenda moja kwa moja kwenye msingi wa deni kubwa. Nimeuliza kama kuna faini ya kulipa mapema, yule mama akacheka akasema hakuna, ila watu hawaulizi. Elfu kumi si nyingi, lakini safari hii nimeandika inakokwenda.

Kitu kimoja zaidi. Nimekurudishia humu barua yako ya Julai. Chini ya maneno yako kuna maneno ambayo hukuyasema. Nimemwomba mama wa magazeti asikusomee, na binamu yako pia nimemwonya. Utayasoma mwenyewe ukitoka hospitali. Usiposaini hutayajua kamwe, na nakujua wewe, hutalala.

Mpwa wako anayekupenda, hata ukiwa na kichwa kigumu hivyo,
Sindano

*

Dukani, 27 Agosti

Nimesaini. Mama wa magazeti alinishikia karatasi isiteleze.

Usidhani ni kwa sababu ya hesabu yako.

Mjomba

*

Dukani, 19 Oktoba

Sindano wangu,

Marahaba sana. Tazama mwandiko huu. Mistari imenyooka au haikunyooka? Mwonyeshe tarishi.

Wamenifanyia jicho la kulia. Hata nusu saa haikufika, nami niliogopa mwaka mzima. Siku walipofungua bandeji kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ukuta wa hospitali, na ulikuwa mchafu, nikafurahi nusura nilie. Cha pili alikuwa binamu yako. Amenenepa, hakuna aliyeniambia. Kumbe mikate alikuwa anaila njiani.

Barua ya Julai nimeisoma. Niliisoma nimekaa kwenye benchi la wateja, mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa siendi kwenye maneno yangu, nakwenda kwenye yale ya chini tu. Kisha nikatoka nje nikasimama mbele ya meza ya magazeti. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Halafu nikamwona uso. Miezi mingi nilikuwa nasikia sauti tu. Nikamwambia, "Salamu zako zilikuwa ndefu." Akanijibu, "Ulikuwa na haraka ya wapi?" Nikanunua gazeti, silisomi, nimelipa tu. Sindano zangu natia uzi mwenyewe, lakini asubuhi bado anakuja kukaa. Anasema amezoea.

Ulichokiandika kuhusu dirisha sikukijibu vizuri. Nakijibu sasa. Nilidanganya kuhusu taa na kidole, wewe ukadanganya kuhusu deni, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na pesa ikakaa pembeni haina wa kuielekeza. Tusirudie. Mimi nikiumwa nitasema. Wewe ukishindwa kulipa, sema. Mpaka hapo yamekwisha, lala kwenye godoro lako kwa amani.

Sasa habari yenyewe. Wiki mbili zilizopita alikuja bwana harusi mmoja, ana haraka, vijana wa mtaa wa pili wamemharibia. Akatoa kitambaa kwenye mfuko. Cheusi. Nikakiweka mezani, nikachukua uzi mweusi, nikaupitisha hapo kwenye mshono kama zamani, na nikauona. Niliuona wote, mpaka mwisho. Suti imetoka Jumatano, imemkaa sawasawa. Nimetoza elfu ishirini kamili, sikupunguza.

Elfu tano nimeitumbukiza kwenye kopo la vifungo kwa ajili ya jicho la kushoto. Elfu kumi na tano iliyobaki nimeipeleka dirishani kwa watu wa mkopo. Usinikasirikie, hiyo ni ya suti, si ya macho. Kijana wa pale akaipokea, akataka kugonga muhuri. Nikamwambia ngoja, nipe karatasi ya kuelekeza. Akaniuliza karatasi gani, nikamtajia ukurasa wa tisa. Akaenda kuitafuta. Nikaandika kwa mkono wangu: ziada hii ipunguze msingi wa deni la asilimia kumi na tano.

Aliponipa risiti sikuondoka. Niliisoma palepale, herufi ndogo na kubwa, kutoka juu mpaka kwenye muhuri, na watu wote waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakasubiri.

Mjomba wako